Usiku wa muziki ambao ungetamani urudi: bendi tulizoziona kwa macho yetu Kisumu, Nakuru na Magharibi

Mkaazi wa Kondele

Wanajamvi, salamu kwenu nyote. Ninaufungua uzi huu kwa ajili ya wale waliowahi kusimama mbele ya bendi usiku kucha wakarudi nyumbani kumepambazuka, na ambao mpaka leo wakiusikia wimbo fulani redioni huanza kuulinganisha na jinsi ulivyopigwa usiku ule. Ningependa tuelezane kwa kirefu: ni onyesho gani ungetamani lirudi, lilifanyika wapi, na ni kitu gani hasa kilichotokea pale ambacho hukipati katika santuri, katika kanda wala katika simu yako.

Mimi ni mtu wa Kisumu, na muziki ulionilea ni benga, ule muziki wa magita wa Waluo. Dai langu, ambalo niko tayari kulitetea, ni kwamba benga ya ukumbini haijawahi kurekodiwa ikakamilika. Santuri ndogo za miaka ya 1960 na 1970 zilibeba dakika chache tu kila upande, na ndiyo sababu nyimbo nyingi za wakati ule zilikatwa katikati zikaandikwa Sehemu ya Kwanza na Sehemu ya Pili. Unasikiliza gita la solo likianza kupanda, mara sauti inafifia, unainuka kugeuza santuri, na unaporudi kuketi ile raha imekwisha kupoa. Ukumbini hapakuwa na wa kugeuza chochote. Wimbo ule ule ungeweza kuchukua robo saa au zaidi, kwa kuwa mpiga solo alikuwa akiwatazama wachezaji miguuni, na kama miguu haijachoka, yeye naye hakuwa na sababu ya kushuka.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo ninalolikumbuka kwa uchungu zaidi. Wapenzi wa benga na wa ohangla, muziki mwingine wa Waluo, wanaufahamu utaratibu wa pakruok, ambapo mtu anajitokeza na pesa zake mkononi, muziki unapunguzwa au unasimamishwa kabisa, naye anajisifu, anamsifu mkewe, rafiki yake, shemeji zake na kijiji alikotoka, kisha anamtuza mwimbaji na muziki unarejea kwa kishindo. Mgeni anaweza kudhani kwamba ni kukatiza starehe. Kwa mwenyeji, pale ndipo onyesho lilipokuwa likitengenezwa, kwa maana mwimbaji hodari hakuyaacha yale maneno yaanguke chini. Aliyabeba akayatia ndani ya ubeti unaofuata, na jirani yako, fundi wa baiskeli ambaye siku nzima hakuna aliyemwita kwa jina lake kamili, akasikia jina hilo likiimbwa kwa sauti tatu mbele ya watu wote. Katika rekodi utayasikia majina pia, lakini ni yale yale kila unapoicheza. Yale ya usiku ule hayakuhifadhiwa popote.

Nilimwona D.O. Misiani katika miaka yake ya mwisho. Mzee huyu, aliyezaliwa Shirati nchini Tanzania mwaka 1940 na kuifanya Kenya uwanja wake wa kazi, alikuwa mtunzi wa mafumbo ambaye nyimbo zake zilimtia matatani na serikali zaidi ya mara moja, na hapo ndipo ilipokuwa tofauti kati ya kumsikia redioni na kumsikia ana kwa ana. Redioni ulibaki ukijiuliza fumbo linamlenga nani. Ukumbini ulizisoma nyuso za wazee waliokaa meza za mbele, ukaona nani anacheka, nani anatikisa kichwa, nani ameinamia glasi yake, na jibu likaja lenyewe. Alipofariki katika ajali ya barabarani hapa Kisumu tarehe 17 Mei 2006, watu wengi walikimbilia kununua kanda zake, nami nilifanya hivyo hivyo. Ninazo hadi leo na ninazithamini, ila zile nyuso hazimo.

Lakini kama ningepewa usiku mmoja tu wa kuurudia, ningemchagua Musa Juma na Orchestra Limpopo. Wenzangu wa rika langu watanielewa. Aliikaribisha rumba ndani ya benga bila kuivunja, akaimba polepole, akayaacha magita yazungumze kwa muda mrefu kabla ya yeye kurudi. Usiku ninaoukumbuka, waya wa gita la solo ulikatika katikati ya "Hera Mwandu". Mpigaji hakuondoka jukwaani. Alichuchumaa pale pale kando ya kikuza sauti, akachomoa waya mpya mfukoni mwa shati, akaanza kuufunga, huku gita la kati na la besi yakiuzungusha ule mkondo mmoja bila kuongeza wala kupunguza. Watu hawakuacha kucheza. Walipunguza mwendo tu, wanaume kwa wanawake, macho yakiwa kwake. Alipoinuka na kulijaribu gita kwa noti mbili tu, ukumbi mzima uliitikia kwa kelele ambayo sijaisikia tena mahali popote. Musa Juma alifariki Mombasa tarehe 15 Machi 2011, na tangu hapo kila mwaka mwezi huo ukifika mimi huusikiliza wimbo huo nikingoja pale waya ulipokatika, na bila shaka katika rekodi hakuna waya unaokatika.

Karibuni. Tafadhali msiandike jina la bendi pekee mkaondoka. Elezeni.

Mzee wa Bondeni

Mwanangu wa Kondele, umeandika vizuri na ninakushukuru. Niruhusu nikutoe Kisumu nikulete Nakuru, kwa maana mji wetu hauna sifa ya kuzaa mtindo wake kama ninyi, ila ulikuwa na bahati ya kukaa njiani. Bendi zilizokuwa na makao Nairobi zilipoamua kuzuru magharibi, zilipitia kwetu zikienda, na mara nyingi zikapitia tena zikirudi. Kwa hiyo tulizisikia zikiwa na nguvu mpya, na tukazisikia zikiwa zimechoka, na mimi nitakuambia kwamba bendi iliyochoka kwa safari ndefu hupiga vizuri zaidi, kwa sababu imekwisha kuacha kuonyesha ufundi na sasa inapiga tu.

Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijana hatukuwa na ruhusa ya kukesha, kwa hiyo tulikwenda bugi, yaani dansi ya vijana, ya Jumapili alasiri. Kiingilio kilikuwa nafuu, soda ilikuwa baridi, na ilikubidi uwe umefika nyumbani kabla ya chakula cha jioni. Ukiwa mkubwa kidogo ndipo ulipoziona bendi zenyewe usiku. Ninaowakumbuka kwa mapenzi ni Les Mangelepa, bendi iliyoundwa mwaka 1976 na wanamuziki wa Kikongo waliojitoa katika kundi la Baba Gaston. Tarumbeta na saksafoni zao ndizo zilizokuwa fahari yao. Katika santuri utazisikia kwa mbali, zikiwa nyuma ya sauti za waimbaji, lakini ukisimama hatua chache mbele yake unausikia upepo wenyewe ukiingia na kutoka, na mshindo wake unaupata kifuani kabla haujafika masikioni. Walipofika kwenye "Nyako Konya", wapulizaji walishuka jukwaani wakaja kati yetu wakiwa bado wanapuliza, na watu wakawafungulia njia.

Nakuru ya wakati huo ilikuwa na wafanyakazi wa reli, wa viwanda na wa mashamba, waliotoka kila pembe ya nchi. Wimbo wenye jina la Kijaluo, unaopigwa na Wakongo, ulichezwa na Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya na Wahindi wachache waliopenda muziki, na hakuna aliyeuliza maneno yake yana maana gani. Nimeiona Nakuru ikipitia majira mabaya sana tangu hapo, nanyi nyote mnayafahamu. Ndiyo maana nikiulizwa ni usiku gani ningetaka urudi, sitafuti usiku wa msanii maarufu zaidi. Ninautafuta ule ambao watu wale wote walikuwa kwenye sakafu moja.

Kuhusu santuri ninakubaliana nawe kabisa. Ninazo, na mjukuu wangu hunisaidia kuzisafisha.

Msikilizaji wa Manyatta

Wazee wangu, shikamooni. Mimi nilizaliwa baada ya mambo haya mengi, na swali langu ni la heshima. Siku hizi kila onyesho la waimbaji kama Prince Indah au Emma Jalamo linarekodiwa kwa mamia ya simu, na asubuhi unaamka unakuta kila wimbo umewekwa mtandaoni, pamoja na pakruok yote na majina yote. Je, sisi hatutakuwa na cha kutamani kirudi, kwa kuwa tumekihifadhi?

Dada wa Khayega

Nimesoma yote yaliyoandikwa hapo juu kwa furaha, ila ninataka kupinga jambo moja kwa upole. Ndugu zangu, mnazungumza kama kwamba muziki mubashara ni lazima uwe na jukwaa, kiingilio na vikuza sauti. Mimi ni wa Isukha, kaunti ya Kakamega, na usiku ninaoutamani haukuwa na tikiti.

Isukuti, kwa wasioifahamu, ni ngoma ya Waisukha na Waidakho, na hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, zikisindikizwa na pembe ya swala na njuga za chuma. Kuna mwimbaji mmoja anayeongoza, wanaume wana mstari wao na wanawake wana wao, na inachezwa mtoto akizaliwa, kijana akitahiriwa, watu wakioana, na mtu akifa. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na sababu zilizotolewa ni zile zile tunazoziona kila siku: wapigaji wengi ni wazee, vijana wa kuwarithi ni wachache, na vifaa vya kutengenezea ngoma na mavazi vimekuwa ghali au havipatikani.

Onyesho langu ni la mazishi ya mzee mmoja aliyekuwa mpigaji ngoma kwa maisha yake yote. Wenzake walifika jioni wakitembea kwa miguu kutoka upande wa Khayega, na tuliwasikia kabla hatujawaona, ile ngoma ndogo ikitangulia kwa sababu mlio wake ni mwembamba na unasafiri mbali. Ngoma yake yeye marehemu ilikuwa imetundikwa ukutani. Mwanawe mkubwa, ambaye alikuwa amekaa Nairobi kwa muda mrefu na ambaye hakuna aliyemdhania kuwa anajua chochote, aliishusha, akaijongeza karibu na moto ngozi ikaze, akaigonga kwa kidole kimoja, akaijongeza tena, kisha akaibana kwapani akaingia. Mwongozaji alimtazama kwa muda, akaubadilisha ule wimbo papo hapo, akamwimbia yeye. Akina mama walilia na kucheza kwa wakati mmoja, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Kwa hiyo, ndugu wa Kondele, haya unayoyasema kuhusu jina kuimbwa, sisi tunayajua tangu kabla ya gita kufika. Nawe mdogo wangu wa Manyatta, hakuna aliyekuwa amekatazwa kupiga picha jioni ile, na simu zilikuwepo. Nimeitazama moja ya video hizo. Inaonyesha migongo ya watu, na sauti ya ngoma kubwa imepasuka kwa sababu simu haikuiweza. Hakuna anayeonekana akiijongeza ngoma motoni, kwa kuwa wakati huo hakuna aliyefikiri kwamba kuna jambo linaloanza.

Mkaazi wa Kondele

Dada yangu, nimekusikia na ninalipanua lile neno ukumbi liwe la watu wote. Ninakubali hata zaidi, kwa maana mlio wa gita la benga wenyewe watu wengi wanaufuata nyuma hadi kwenye nyatiti, chombo cha nyuzi nane ambacho mpigaji hukaa chini, akagonga ubao wake kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole cha mguu huku akicharaza nyuzi kwa mikono yote miwili. Mtu mmoja, na tayari una bendi. Marehemu Ayub Ogada, aliyefariki Nyahera mwaka 2019, alikizungusha chombo hicho duniani, na waliomsikia huku nyumbani akipiga bila kipaza sauti husema kwamba ile pete ilikuwa nusu ya muziki.

Kwa upande wenu wa Magharibi tusiwasahau pia Abana ba Nasery wa Bunyore, waliopiga magita mawili na chupa ya Fanta, mwenzao wa tatu akiigonga na kuikwaruza ile mikunjo ya kioo. Mtu yeyote aliyewaona, tafadhali ajitokeze.

Mpiga Besi

Ninaandika kama mtu wa upande wa pili wa jukwaa. Nimepiga besi katika bendi kadhaa za hapa Kisumu, hakuna hata moja yenye jina kubwa, na ningependa mjue kwamba sisi pia tuna usiku tunaoutamani.

Mnakumbuka jinsi korona ilivyofunga kazi yetu. Kisa cha kwanza nchini kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na kabla ya mwezi kwisha kafyu ilikuwa imeanza. Mtu wa ofisi alihamia nyumbani na kazi yake, lakini kazi ya bendi huanza saa ambayo kafyu ilikuwa tayari imeanza. Kisha, mnamo Juni 2021, kaunti 13 za ukanda wetu, Kisumu ikiwemo, ziliwekewa kafyu ya saa moja jioni wakati sehemu nyingine za nchi zilikuwa na saa kadhaa zaidi. Wenzangu waliuza vyombo. Mpiga ngoma wetu aliingia bodaboda. Mimi sikuliuza gita langu, ila kikuza sauti kilikwenda, na pesa zake zilinunua unga na kulipa kodi ya nyumba.

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, Siku ya Mashujaa. Usiku wetu wa kwanza kamili ulikuwa mwisho wa juma uliofuata, katika baa ndogo ambayo sitaitaja, na vyombo vingi vilikuwa vya kuazima. Hatukuwa tumefanya mazoezi ya kutosha. Tulianza saa tatu tukiwa na hofu kwamba watu wamezoea kulala mapema na hawatakuja. Walikuja, wakajaa hadi mlangoni, na kwa nyimbo mbili za kwanza hawakucheza hata kidogo. Walisimama tu wakitutazama. Sijawahi kuona jambo kama lile katika kazi hii. Kisha saa nne ilipita, saa ambayo kwa muda mrefu polisi walikuwa wakianza kufagia barabara, na mtu mmoja katikati ya umati akainua simu yake juu kuonyesha saa, bila kusema neno. Ukumbi ulilipuka. Tulipiga mpaka alfajiri, na sehemu za mwisho tulirudia nyimbo tulizokwisha kupiga kwa sababu tulikuwa tumemaliza tulizozijua sote kwa pamoja, na hakuna aliyelalamika.

Kitaalamu, ulikuwa usiku mbaya. Besi yangu ilikuwa chini ya noti kwa saa nzima ya kwanza. Ningetoa chochote ili niupige tena.

Mama wa Milimani

Mimi ningetaja mwaka 2001, Kisumu ilipokuwa ikiadhimisha miaka 100, na Suzanna Owiyo, mwana wa Nyakach, akaimba "Kisumu 100". Alikuwa bado hajulikani sana. Miaka michache baadaye alikuwa akiimba Oslo, katika tamasha la Tuzo ya Nobeli ya Wangari Maathai mwaka 2004, lakini sisi tulikuwa tumekwisha kumsikia akiuimbia mji wetu wenyewe, nyumbani, katika mwaka ule ule uliokwisha kwa mji huo kuitwa jiji. Nilikuwa nimembeba binti yangu mgongoni. Yeye anasema anakumbuka, nami simpingi.

Msikilizaji wa Manyatta

Nimejibiwa, na ninawashukuru, hasa Dada wa Khayega. Swali la mwisho kwa mwenye uzi: kwa mtu wa umri wangu, aliye na mwisho wa juma huu na nauli ya kutosha, unamshauri aende kusikiliza nini, na asimame wapi?

Mkaazi wa Kondele

Mdogo wangu, tafuta bendi ya ohangla ambayo bado ina mpiga orutu wa kweli. Siku hizi wengi wameiacha kazi yote kwa kinanda cha umeme, ambacho kina uzuri wake, lakini orutu ina uzi mmoja tu, na mpigaji wake ni lazima autafute kila mlio kwa kidole, kwa hiyo hapigi jambo moja mara mbili kwa namna ile ile. Uliza Kibuye sokoni, kwa wauzaji wa kanda na kadi za muziki. Wao ndio wanaojua nani anapiga wapi, kuliko matangazo yaliyobandikwa ukutani.

Fika mapema, kabla ya vyombo kufungwa, ili uwaone wakivilinganisha sauti. Usisimame mbele ya spika. Simama upande wa ngoma, karibu kiasi cha kuyaona macho ya mpigaji, kwa sababu yeye ndiye anayeamua wimbo utaisha lini, na ukimtazama utajua kabla ya watu wengine. Nenda na noti kadhaa ndogo za kutuza. Na wakikuuliza jina lako, litaje lote, pamoja na la baba yako na la mahali mlikotoka.